Jeshi lilishinda mji, likapoteza inchi: somo la Aljeria kwa wakaaji wa mashariki

Kuna swali lenye kurudi kila mara watu wanapozungumza vita: jeshi lenye ndege, vifaru na silaha kali likisha kushika mji, nani ataweza kulitoa? Wengine wanajibu haraka: hakuna. Wengine nao wanasema: muwaache tu, watachoka, watarudi kwao. Majibu haya mawili ni mafupi kupita kiasi. La kwanza linavunja watu moyo. La pili linasahau hesabu ya wafu.

Ndugu msomaji, leo tunaangalia vita vya inchi nyingine, vilivyokwisha zamani, fasi mwanzo na mwisho vyote vinajulikana. Ni Aljeria, chini ya Ufaransa. Kisha tutarudi kwetu, juu kuna mambo yaliyotupata hapa ambayo mahakama ya dunia imekwisha kuyatolea hukumu.

Miaka 132

Jeshi la Ufaransa liliingia Aljeria mwezi wa sita 1830, na mji wa Alger ulianguka tarehe 5 Julai mwaka huo. Abd el-Kader alipigana nao mpaka mwisho wa 1847. Mwaka 1848 Ufaransa ilitangaza kwamba Aljeria si koloni tena: ni majimbo ya Ufaransa yenyewe, sawa vile Lyon ao Marseille. Wazungu wakaletwa, wakapewa mashamba mazuri. Wenye inchi wakasukumwa milimani na kwenye udongo mbaya.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutawala kwa nguvu hakudumu. Kunaweza kudumu zaidi ya maisha ya mtu. Mwaka 1954 hakukuwa mzee hata mmoja Aljeria aliyekumbuka inchi yake ikiwa huru.

Lakini hesabu ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Kulikuwa Wazungu karibu milioni 1, na Waislamu wenye inchi zaidi ya milioni 8. Sheria ya 1947 iliunda bunge la viti 120: viti 60 vya upande wa Wazungu, viti 60 vya wengine wote. Na hata hivyo, uchaguzi wa 1948 uliibiwa waziwazi na wakubwa wa serikali ili wenye kudai haki wasipite. Mbele ya hapo, mwezi wa tano 1945, watu walioandamana Sétif na Guelma walikuwa wamekwisha kujibiwa kwa risasi na mabomu, na maelfu walikufa.

Basi mlango wa kura ulifungwa, na mlango wa maandamano ulifungwa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954, chama cha FLN kilishambulia fasi nyingi za inchi kwa mara moja. Wapiganaji walikuwa wachache, na silaha zao nyingi zilikuwa za kuwindia. Paris ilijibu kwamba hii ni kazi ya polisi tu, itakwisha hivi karibuni.

Askari 400,000

Haikuisha. Mwaka 1956 Ufaransa ilianza kutuma vijana wa kawaida, wale wa kuitwa jeshini kwa sheria. Hesabu ya askari ilipita 400,000. Ni karibu askari mmoja kwa kila wakaaji 25. Wapiganaji wa FLN ndani ya inchi hawakufikia kamwe hesabu hiyo, hata karibu yake.

Sasa, mbona hawakumaliza kazi? Jibu la kwanza ni la kijeshi kabisa. Jeshi lenye kushika inchi lazima lilinde kila kitu: madaraja, barabara, reli, mashamba ya Wazungu, visima, nyumba za serikali, soko. Askari wengi sana walikaa kulinda tu, siku kwa siku. Waliobaki huru kwenda kumtafuta adui walikuwa sehemu ndogo. Mpiganaji yeye anachagua siku na fasi. Akishindwa leo anakimbia, anangoja. Mwenye kulinda akishindwa mara moja, kila mtu anaona.

Jibu la pili ni habari. Askari mgeni hajui nani ni nani. Kijana mwenye kulima mchana, ni yeye aliyekata waya usiku? Wakaaji wanajua, lakini hawasemi. Wengine wananyamaza kwa kupenda wapiganaji, wengine kwa kuwaogopa. Kwa askari, matokeo ni yale yale: anatembea kama kipofu.

Alger, 1957

Hapa njo tunaona nguvu ya jeshi na mwisho wake kwa wakati mmoja.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa 1956, FLN ilianza kutega mabomu ndani ya mikahawa ya Wazungu mjini Alger. Raia waliuawa, watoto nao. Mwezi wa kwanza 1957 serikali iliweka mji mikononi mwa Jenerali Jacques Massu na askari wake wa miavuli. Wakapewa mamlaka ya polisi: kukamata, kufunga, kuingia nyumba yoyote, saa yoyote.

FLN iliita mgomo wa siku nane kuanzia tarehe 28 Januari. Maduka yakafungwa, wafanyakazi wakabaki nyumbani. Askari walivunja milango ya maduka kwa nguvu na kutoa watu ndani ya nyumba kuwapeleka kazini. Mgomo ulivunjika.

Kisha wakapiga hesabu ya mji nyumba kwa nyumba. Maelfu walikamatwa. Mateso yalikuwa kazi ya kila siku: umeme, maji, kamba. Jenerali Paul Aussaresses, aliyekuwa mmoja wa wenye kuongoza kazi hiyo, alikubali waziwazi katika kitabu chake cha 2001. Paul Teitgen, mkubwa wa utawala aliyesimamia polisi Alger, alihesabu watu zaidi ya 3,000 waliopotea, akaacha kazi. Jenerali mmoja, Jacques Pâris de Bollardière, alikataa njia hiyo mbele ya watu wote. Jeshi lilimfunga siku 60.

Kwa hesabu ya kijeshi, ilifaulu. Kwenye mwezi wa kumi 1957 viongozi wa FLN wa mji walikuwa wamekufa, wamefungwa ao wamekimbia. Mabomu yalinyamaza. Massu alishinda.

Tarehe 11 Desemba 1960, miaka mitatu tu kisha, watu wa mitaa ya Alger walitoka kwa maelfu, wanawake na vijana mbele, wakibeba bendera walizoshona nyumbani. Ni mitaa ile ile iliyopekuliwa nyumba kwa nyumba. Hakuna mkubwa wa jeshi la siri aliyekuwa amebaki kuwaamuru. Askari walipiga risasi, watu zaidi ya 100 walikufa katika siku zile, lakini ulimwengu wote uliona. Siku nane kisha, tarehe 19 Desemba, mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikubali haki ya Waaljeria ya kuamua wenyewe.

Jeshi lilikuwa limeharibu kikundi. Halikubadilisha mawazo ya watu. Tena, kila aliyeteswa alirudi kwa ndugu zake, na kila asiyerudi aliacha mama, bibi na watoto. Majina yaliyopatikana kwa umeme leo yalizaa wapinzani wa kesho.

Kupendwa kwa nguvu?

Ufaransa haikutumia fimbo tu. Maofisa walitumwa vijijini kufungua shule na vituo vya afya. Mwaka 1958 Rais wa serikali, Charles de Gaulle, alitangaza huko Constantine mpango mkubwa wa nyumba, kazi na viwanda. Watu walipokea dawa, watoto wakasoma. Lakini mtu anaweza kupokea dawa yako na bado asikubali uwe mkubwa wake.

Na mkono ule wenye kutoa dawa, mwingine ulikuwa unachoma. Ili kukata wapiganaji na raia, jeshi lilihamisha vijiji kwa nguvu, likaviweka kambini nyuma ya waya. Kufikia mwisho wa vita watu karibu milioni 2 walikuwa wamehamishwa hivyo. Mwaka 1959 kijana mmoja wa serikali, Michel Rocard, ambaye kisha atakuwa Waziri Mkuu, aliandika ripoti juu ya kambi hizo: njaa, na watoto wenye kufa. Mtu aliyenyanganywa shamba, mbuzi na kaburi la baba yake, shule ya kambini haitamfariji.

Mpaka nao ulifungwa. Tangu 1957 waya wa umeme na mabomu ya kutegwa viliwekwa kwenye mpaka wa Tunisia. Ulifanya kazi vizuri: silaha hazikupita tena kwa urahisi. Lakini wapiganaji walikuwa na kambi ngambo, na tarehe 8 Februari 1958 ndege za Ufaransa zilipiga mabomu kijiji cha Sakiet Sidi Youssef ndani ya Tunisia, siku ya soko. Watu karibu 70 walikufa. Toka siku ile, vita ambavyo Paris iliita jambo la nyumbani vilikuwa mbele ya macho ya dunia yote.

Ushindi usio na mwisho

Mwaka 1959 Jenerali Maurice Challe alikusanya vikosi vikubwa na kufagia milima, toka magharibi kwenda mashariki. Vikosi vya FLN ndani ya inchi vilivunjika. Kama vita ni hesabu ya mapigano tu, Ufaransa ilikuwa imeshinda.

Na ni mwaka ule ule, tarehe 16 Septemba, de Gaulle alitangaza kwamba Waaljeria watachagua wenyewe njia yao. Kwa nini atoe wakati anashinda? Kwa sababu aliuliza swali ambalo majenerali hawakuuliza: kisha ushindi, nini? Kubaki na askari 400,000 kwa miaka mingine 10? Miaka 50? Nani atalipa? Zaidi ya milioni moja ya vijana wa Ufaransa walipita katika vita hivyo. Mama zao walianza kuuliza. Mwezi wa kwanza 1961 Wafaransa walipiga kura, na karibu 75 kwa 100 wakakubali Aljeria ijiamulie. Mwezi wa nne majenerali wanne walijaribu kupindua serikali yao wenyewe, wakashindwa kwa siku chache. Vita vya ngambo vilikuwa vimefika kuvunja nyumba ya mwenye kuvianzisha.

Makubaliano yalitiwa sahihi Évian tarehe 18 Machi 1962. Mwezi wa saba Aljeria ikawa huru.

Raia njo walilipa

Tusifanye hadithi hii kuwa tamu. Ufaransa ilipoteza askari karibu 25,000. Waaljeria walikufa kwa mamia ya maelfu. Serikali yao inasema milioni moja na nusu, wanahistoria wengi wanahesabu chini ya hapo.

Na si wote waliuawa na Wafaransa. Mwezi wa tano 1957, wapiganaji wa FLN waliua wanaume karibu 300 wa sehemu ya Melouza, kwa kuwashutumu kwamba wako upande wa kundi lingine. Mwaka 1962, Waaljeria waliokuwa askari wa Ufaransa waliachwa nyuma na jeshi walilotumikia, na wengi sana waliuawa. Wazungu karibu 800,000 walikimbia katika mwaka moja. Na wakubwa wa FLN wenyewe walipigana wakati wa kiangazi juu ya kiti. Mwaka 1965 jeshi lilichukua madaraka.

Mgeni kuondoka ni jambo moja. Amani ni jambo lingine. Kama hakuna mtu aliyetengeneza utawala wa kesho, mwenye bunduki iliyobaki njo atakuwa mkubwa.

Na kwetu?

Mwezi wa kumi na mbili 1958, kule Accra, Patrice Lumumba alikutana na wajumbe wa FLN katika mkutano wa watu wa Afrika. Kati yao kulikuwa Frantz Fanon, mganga wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Blida, fasi alitibu walioteswa na pia polisi waliotesa. Walizungumza juu ya wakoloni wa Ulaya. Ni karibu miaka 40 kisha kwamba mashariki ya Kongo ilijua majeshi ya wageni ya aina nyingine, ya inchi jirani.

Vita vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Majeshi ya Rwanda na Uganda, pamoja na kundi la RCD, yalishika Goma, Bukavu, Uvira na Kisangani katika mwezi moja. Ilikuwa mbio sana. Lakini kushika mji na kuendesha inchi havikuwa kitu kimoja hapa pia. Nje ya miji na barabara kubwa, usiku ulikuwa wa wengine. Vikundi vya Mai-Mai viliongezeka, na raia akajikuta kati ya nyundo na jiwe: analipishwa huku, anaadhibiwa kule.

Bukavu ilifanya siku za ville morte. Mwezi wa pili 1000 na 1000, yaani mwaka 2000, wenye kutawala walimkatalia Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko kurudi jimboni kwake, wakamweka upande wa Butembo. Walikuwa na silaha zote, yeye hakuwa na hata moja. Waamini na mashirika ya raia hawakuacha kumdai, na mwezi wa tisa alirudi Bukavu. Alikufa Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule.

Marafiki wenyewe walianza kugombana. Toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini Kisangani, katikati ya nyumba za watu. Raia kwa mamia walikufa katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Kisha kukaja makubaliano: Pretoria na Rwanda tarehe 30 Julai 2002, Luanda na Uganda mwezi wa tisa. Rwanda ilitangaza kumaliza kuondoa askari wake mwezi wa kumi. Uganda ilitoka Bunia mwezi wa tano 2003. Watu wa Ituri wanakumbuka vizuri kilichofuata: MONUC ilikuwa na askari kidogo tu, makundi yakagombania mji, mamia ya watu wakauawa kwa siku chache, mpaka Ulaya ikatuma kikosi mwezi wa sita. Ni somo lile lile la kiangazi cha Aljeria.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanafikiri kwamba fasi jeshi lageni linatawala, sheria imekufa. Hapana. Kanuni za La Haye za 1907 na mkataba wa nne wa Genève wa 1949 zinaeleza wazi. Kushika udongo kwa jeshi hakumfanyi mtu kuwa mwenye inchi. Mwenye kushika analazimishwa kulinda usalama wa wakaaji na kuheshimu sheria za inchi kadiri inavyowezekana. Analazimishwa kuangalia chakula na dawa visikosekane. Anakatazwa kunyanganya mali, kuadhibu kijiji kizima kwa kosa la mtu moja, kuhamisha watu kwa nguvu kwenda nje, kutesa ili kupata habari, na kulazimisha wakaaji kuapa kwamba watamtii.

Si maneno ya karatasi tu. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye ilisema Uganda ilikuwa mtawala kwa nguvu za kijeshi katika Ituri, na kwa hiyo ilipaswa kujibu juu ya mauaji na wizi wa mali. Jambo moja lililoonyesha hivyo: mwaka 1999, jenerali wa Uganda alikuwa ameunda jimbo jipya na kuweka gavana. Juu ya Rwanda, mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo.

Tarehe 9 Februari 2022 malipo yalikatwa: dola milioni 325. Milioni 225 ni kwa watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa udongo na misitu. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Mbona tofauti kubwa hivyo? Sababu moja kubwa ni ushuhuda. Mahakama iliona kwamba kwa madai mengi, vyeti, majina, tarehe na hesabu havikutosha.

Hapo kuna kazi ambayo mtu asiye na bunduki anaweza kufanya. Chunga hati ya shamba na nyumba, vyeti vya kuzaliwa na vya kufa, picha. Jamaa iandike nani alikufa, siku gani, wapi, na mali gani ilienda. Parokia, shule, kituo cha afya, kila mmoja kina daftari lake, lisitupwe. Kama kuweka karatasi nyumbani ni hatari, usijihatarishe: peleka nakala kwa mtu wa kuaminika aliye mbali, ao wafundishe watoto wakumbuke. Kule Alger, Teitgen alihesabu waliopotea moja kwa moja. Leo bado, jamaa zao wanatumia hesabu hiyo kudai ukweli.